Majivu Ndani ya Sanduku la Risasi

Mdogo wangu Salomon anafundisha fizikia Beni. Mimi niliacha shule mwaka wa nne wa msingi, nachomelea milango ya chuma hapa Bulengera. Mwezi wa tatu alinipa kazi: sanduku la risasi, si ya bunduki, ile inayotoka ndani ya batri kuukuu. Nikaiyeyusha, nikaimimina kuta nene kama ngumi, nikatia mlango mdogo wa bawaba. Akaliweka katika chumba changu cha nyuma, mashine yake ya kupimia mionzi ndani yake, na yeye akawa analala chumba hicho hicho.

"Kiini cha atomu kikitaka kutulia, kinatupa mwanga wenye hauonekane," alimweleza mke wangu Kanyere. "Gama. Kila kiini na nguvu yake. Hapana kudanganya."

Kanyere alisikiliza mdomo wazi. Miaka kumi na tisa ya ndoa, hajawahi kunisikiliza hivyo nikizungumzia bawaba. Jumapili ile firigisi ya kuku, ambayo nyumbani mwangu ni yangu, aliiweka kwenye sahani ya Salomon.

Salomon alitaka kupima udongo wa mashamba ya kakao ya Oicha. Lakini kwanza sanduku lipimwe tupu wiki nzima, ajue lenyewe linatoa nini.

Kila asubuhi, Salomon akishaenda misa, Kanyere aliingia chumbani kwake. Alitoka anajipangusa mikono kwenye kikwembe, anaimba. Nikajua anamkunjia mashati.

"Unafanyaka nini mule?"

"Kazi."

Jumamosi Salomon aliniita mbele ya kompyuta yake.

"Yaya, mukubwa wangu, angalia huu mustari. Nguvu yake elfu moja mia ine makumi sita. Ni potasiamu. Siku ya kwanza kalikuwa kadogo, sasa ni mulima. Mutu anaingiza kitu mu sanduku. Kama hautaki nipime hapa, sema tu."

"Mimi?" Nilipaza sauti hadi majirani wakatoka. "Uliza Kanyere! Ni yeye anaingiaka kwako kila asubuhi!"

Kanyere alikuja kutoka jikoni, sufuria mkononi.

"Ndiyo, naingiaka. Nasugua lile sanduku ndani na majivu ya maganda ya ndizi, kama hii sufuria."

"Juu ya nini, shemeji?"

"Ulisema maprofesa yako banakuja kuona mashine juma ijayo, sivyo? Sanduku ni kazi ya bwana yangu. Bakute iko nyeusi vile? Hata bawaba nilipaka mafuta, zilikuwa zinalia."

Salomon alicheka mpaka akakaa chini. "Shemeji, yale majivu njo potasiamu yenyewe!"

Mimi sikucheka. Kanyere alikuwa ananitazama.

"Na wewe, baba Hadassa? Uliwaza naingiaka kufanya nini?"

Nilichukua maji na kitambaa, nikapiga magoti, nikaosha sanduku hadi saa sita. Salomon akaanza wiki yake upya.

Jumapili Kanyere alipika kuku. Firigisi aliila mwenyewe, polepole, macho yake kwangu.