Kidonge Chini ya Ulimi

Wodi ya moyo ilijaa vitanda, na kila kitanda kilikuwa na moyo wake mkorofi. Wa bibi yangu ulimvimbisha miguu hadi viatu vikamkana. Daktari alimbonyeza ugoko kwa kidole, shimo likabaki palepale.

"Maji hayapungui," alimwambia nesi. "Kesho tuongeze dozi ya kidonge cha kukojoza. Yakijaa mapafuni tutampoteza."

Mimi, mwanafunzi wa bweni niliye likizoni, nilitafakari kwa uzito wa jaji. Kila asubuhi, hata leo muda mfupi kabla daktari hajafika, Bibi alimeza kidonge hicho mbele ya nesi, tena kwa madaha. Hapo ndipo penye walakini. Bwenini kwetu, anayemeza dawa ya minyoo kwa tabasamu ndiye anayekwenda kuitema nyuma ya bafu.

Walipoondoka, nikamwinamia.

"Bibi, hebu inua ulimi."

"Toka hapa! Mimi mtoto mwenzako?"

Akabana midomo kama mkoba wa bahili. Nikamtekenya shingoni. Akaangua kicheko, kidonge kikarukia shuka.

"Leo umepatikana, shoga!" akacheka mgonjwa wa kitanda cha pili.

Bibi hakucheka tena. "Mke mwenzangu," akaninong'oneza, kwani ndivyo anavyoniita, "choo kiko mwisho kabisa wa wodi. Juzi nilimeza, nikachelewa njiani. Sakafu ikajua, na wodi nzima ikajua. Mimi niliyemfundisha baba yako kukaa kwenye poti! Afadhali nife mkavu."

"Hufi. Sijamaliza kukuudhi."

Nikamfuata nesi. "Dada, msiongeze dozi. Hata hiyo ya sasa haimezi. Nipe kile kitanda kitupu karibu na mlango wa choo."

"Kile? Watu wote wanakikimbia, harufu ya dawa ya choo inawapalia."

"Sisi tunakikimbilia."

"Na wa kumhamisha wamekwenda kula."

"Mimi sijala, lakini nina mikono."

Akanitazama, akaniletea kiti cha magurudumu. Tukampakia Bibi, nikaanza kusukuma. Gurudumu moja lilipiga kelele kama kuku anayefukuzwa, nami nikatangaza kwa sauti ya mwalimu wa zamu: "Pisheni! Bibi harusi anahamia kwake!" Wagonjwa wakapiga makofi. Bibi alijifunika uso kwa khanga, lakini mabega yalimtikisika kwa kicheko.

Alipokwisha kujilaza, nesi akaleta kidonge kipya. Bibi akanitazama.

"Na wa kuninyanyua nani?"

"Mke mwenzio. Mpaka shule ifunguliwe. Kufikia hapo utakuwa unanikimbiza."

Akakiweka mdomoni, akanywa maji, akakunja uso wote kama aliyelamba ndimu. Sijapata kuona uso mzuri kama ule.

"Ulimi?" nikauliza.

Akautoa wote, akanichezeshea mbele ya wodi nzima.

Nesi hajamaliza kugawa dawa upande wa pili, nikahisi mkono wangu ukivutwa.

"Wewe," akasema Bibi, "simama. Kazi yako imeanza."