Umenona, Mama Kahiga

Neno lililonichosha kuliko ugonjwa wenyewe ni "umenona". Tangu nipatwe na korona, mwili wangu haujarudi. Nikiosha vikombe vya chai lazima nikalale. Nikipanda ngazi moyo unanienda mbio kama wa kuku aliyefukuzwa. Kwa kusahau, nimeshaweka unga kwenye friji na maziwa kabatini. Daktari wangu hapa Nakuru anasema ni mabaki ya virusi vile, na yatachukua muda. Lakini kulalalala huko kumeniletea tumbo, na kwa watu wetu mgonjwa hukonda. Asiyekonda ni mvivu.

"Ugonjwa gani inanonesha mtu?" mama mkwe wangu, ambaye sote humwita Cucu, huniuliza kila akija kutoka Kabazi. Kisha anacheka, anaketi, na mimi mgonjwa namchemshia chai.

Basi nikaamua kulitoa hilo tumbo. Nikatafuta kliniki ya upasuaji Uturuki, na daktari akanipigia kwa video. Aliniuliza kama nina ugonjwa wowote. Nikasema sina. Akaandika bila hata kupepesa macho. Jamani! Muda wote huo nasema ukweli na kila mtu ananibishia; siku niliyodanganya ndiyo niliyoaminiwa.

Mume wangu, Gachanja, alijua yote. Lakini aliona aibu kumtajia mamake habari za tumbo la mkewe, kwa hivyo alimwambia tu, "Mama Kahiga anaenda operesheni ng'ambo." Mwanamume mzima! Hajui kwamba kwetu mtu hapelekwi ng'ambo mpaka madaktari wa hapa wameinua mikono? Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, nyumba yetu ya Kiamunyi ilijaa akina mama wa kanisa, Cucu akiwa mbele, kitambaa mkononi, macho mekundu.

Mchungaji Gedion alisimama mbele ya kiti changu. "Mama Kahiga, weka mkono pale unaugua, tuombe."

Niuweke wapi? Kichwani? Kifuani? Miguuni? Wote walikuwa wamefumba macho wakinisubiri. Nikauweka tumboni, maana ndilo lililokuwa likatwe. Cucu alikuwa akichungulia, na papo hapo akaangua kilio.

"Woi, kumbe ni tumbo! Na mimi nikisema amenona, kumbe ni uvimbe!"

Hapo hasira zikanipanda. "Si uvimbe, Cucu. Ni mafuta."

Macho yote yakafumbuka. Gachanja akatazama dari.

"Mafuta?" Cucu akafuta machozi. "Sasa ugonjwa iko wapi?"

"Iko mwili mzima! Si nimewaambia tangu korona? Tumbo haina shida yoyote. Naenda kuitoa ndio nikonde, ndio mwamini mimi ni mgonjwa!"

Hakuna aliyesema amina. Mchungaji alifunga Biblia yake taratibu. Cucu alinitazama, akanitazama tena, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Na huyo daktari ya huko, anajua wewe ni mgonjwa?"

Nikatikisa kichwa.

"Mwambie. Saa hii. Ama unataka turudishiwe maiti kwa sanduku?"

Nikamwandikia, akina mama wakinisongea utadhani simu ndiyo inayoombewa. Jibu lilikuja chai ikiwa bado moto. Nikawatafsiria: "Pole sana kwa ugonjwa huo. Najua unachoka mno. Hatuwezi kukukata ukiwa katika hali hiyo."

Aliamini tu. Hakuuliza ugonjwa uko wapi, wala mbona sijakonda.

"Amekupa pole," Cucu akasema. Akainamisha kichwa. "Na sisi wenye hukunywa chai yako hatujawahi."

Nikainuka kuwaongezea chai, kwa mazoea tu. Cucu akaninyang'anya birika.

"Kaa chini. Pole, mwanangu. Pole sana."

Nilitaka kumkumbatia, na nilitaka pia kumrushia kikombe. Badala yake nililia, maana Uturuki yangu ilikuwa imeishia hapo na tumbo limebaki pale pale. Ila kuanzia siku hiyo, lilikuwa tumbo la mgonjwa.