Jiwe la Petronila

Petronila alikuwa na hasira, na tusimpake mafuta kwa mgongo wa chupa: alizaliwa nazo. Kijiji kizima cha Kiriba kilijua. Aliwahi kumfukuza mchuuzi wa dagaa kwa mwiko wa ugali mpaka barabarani, kisa kipimo tu, na mumewe, marehemu Chrispin, alikuwa akitania kwamba nyumba yake haihitaji mbwa.

Chrispin alipofariki, hasira zikakosa wa kuzitania. Ndipo kwenye mafungo ya wajane, Musoma mjini, Sista Flora akamfundisha sala ya kukaa kimya. Dakika ishirini kila alfajiri, bila rozari, bila kuomba kitu. Neno moja tu: Bwana.

"Mawazo yakija usipigane nayo," Sista alimwambia. "Rudi kwenye neno. Ukirudi mara mia, umesali mara mia."

Mwaka wa nne sasa Petronila alikuwa akikaa juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba yake, ndoo ubavuni, kabla ya kwenda ziwani kuchota maji. Hakuwa malaika. Lakini siku ambayo hakukaa, majirani waliijua kabla ya saa nne.

Jiwe hilo Gasper, mdogo wa marehemu, alilitaka liwe kokoto. Barabara ilikuwa ikijengwa na malori yalizunguka kila kijiji yakitafuta kokoto. Wazee wa ukoo wakaketi, wakakata shauri: jiwe liko uani kwa mjane, halivunjwi mpaka alivunje yeye kwa mkono wake. Gasper akainamisha kichwa kama mtu aliyekubali. Na huyo ndiye mwenyekiti wa jumuiya, anayesali kwa sauti utadhani Mungu ni kiziwi! Mtu mzima na ndevu zake, aibu hana.

Jumamosi moja alfajiri Petronila akakuta jiwe linawaka. Magogo na matairi chakavu yalikuwa yamerundikwa juu yake tangu jogoo la kwanza. Gasper alisimama pembeni, mikono mfukoni. Karibu naye alikuwepo Renatus, mvunja mawe kutoka Mwisenge, amekalia mfuko wa nyundo zake.

"Shemeji, unafanya nini hapa?" Petronila akauliza.

"Nachoma takataka tu, shemeji. Jiwe sijaligusa. Kama moto unakukera, zima. Ndoo si unayo? Ziwa lile pale."

Petronila alishuka ziwani mbio, akajaza ndoo, akapanda nayo huku damu inamchemka na maji yanamrukia kifuani. Akaiinua ili amwage.

Hapo akamwona Renatus ameruka nyuma na kujikinga uso kwa mkono.

Nani anayejikinga uso kwa sababu ya ndoo ya maji? Petronila akaganda. Tangu utotoni alikuwa akiona wanaume wakivunja majabali hivyo hivyo: unalichoma mpaka linaiva, kisha unalimwagia maji baridi, linapasuka lenyewe. Hasira zilikuwa zimemfumba macho. Angemwaga, jiwe lingepasuka kwa mkono wake mwenyewe, na shahidi yupo.

Sasa hasira zikaja mara mbili. Alitamani kummwagia Gasper maji yale pamoja na ndoo yake, na mimi nisingemlaumu. Akaiweka ndoo chini. Akaketi mchangani, akafumba macho.

"Jiwe linaungua na wewe unasali?" Gasper akacheka.

Bwana. Mwizi huyu. Bwana. Afe. Bwana. Basi asife, apate upele mgongoni, mahali mkono usipofika. Bwana. Magogo yalikuwa yakilia kwa moto. Mikono ilimtetemeka magotini, na machozi ya hasira yakamtoka asiyafute. Hakuna amani iliyoshuka. Kilichobadilika ni kimoja tu: mikono iliacha kutetemeka.

Hakungoja dakika ishirini ziishe. Akainuka, akachukua jembe ukutani, akaanza kuyavuta magogo moja moja mpaka mchangani. Vinyweleo vya mikono vikaungua. Gasper akaacha kucheka.

"Renatus, chukua hiyo ndoo, mwaga!"

"Mimi?" Renatus akainuka. "Si uliniambia mama mwenyewe ndiye anavunja? Mimi sivunjagi jiwe la mjane kwa hila." Akabeba mfuko wake, akaondoka bila kuaga.

Gasper akatoa ile sauti yake ya jumuiya. "Shemeji, tusiyakuze. Jioni tuna sala kwangu. Mkristo huwa anasamehe."

"Nitakuja," Petronila alisema, jembe bado mkononi. "Nitakuja na nitaeleza ulichofanya, mbele ya wote, kwa sauti kubwa kama yako. Huko kwenye kusamehe bado sijafika. Nikifika nitakuambia."

Na jioni akaenda, akaeleza.

Asubuhi ya Jumapili jiwe lilikuwa jeusi kwa masizi, lakini zima. Petronila akatandika gunia asichafue gauni la misa, akakaa, akaweka ndoo ubavuni.

Bwana. Sura ya Gasper ikaja kabla neno halijaisha.

Akarudi kwenye neno. Sura ikaja tena, na kicheko chake.

Akarudi.