Maji Yaliyokwama Kwenye Kontena

Mizabibu yangu ilikuwa ndiyo inaweka punje wakati mwenyekiti wetu Bartolomayo alipotuambia kwamba maji hayatafunguliwa kwa sababu laptop ya kikundi imegoma. Alisema hivyo amekaa, mkono shavuni, kama mtu anayesimulia shida ya kijiji kingine. Bwawa la Hombolo limejaa, kila mtu analiona. Lango lipo. Ufunguo anao Seth, mlinzi wa lango. Lakini tangu wakubwa wa mradi wa umwagiliaji waamue kwamba zamu za kumwagilia zipangwe na mashine, Seth hafungui mpaka mashine imtajie jina la mtu na shamba lake.

"Zamani tulipangana kwa mdomo," nilimwambia.

"Zamani mlikuwa mnapigana majembe, Mzee Sostenes."

"Tulipigana, lakini zabibu zilikunywa maji."

Wenzangu waliojazana pale ofisini wakacheka. Mimi sikucheka.

Laptop ile aliishika mke wangu Yudith, katibu wa kikundi, mpaka alipofariki mwezi wa nne. Watu wa mradi walikuja nayo, wakamfundisha, wakapiga naye picha, wakaondoka. Sasa anaishika Erica, mtoto wa mdogo wake Yudith, na tangu msiba ilikuwa haijawashwa, maana msimu wa kumwagilia ulikuwa haujaanza. Nilivuta kiti nikakaa karibu naye.

"Hebu nieleze, mwanangu. Nieleze kama unavyomweleza mtu aliyeishia darasa la nne."

"Baba mkubwa, humu ndani kuna makontena mawili."

"Kontena ninalolijua mimi ni lile la Matonya anamouzia saruji."

"Basi chukulia hivyohivyo. Kila moja lina mlango wake na vitu vyake. Hili la kwanza lina programu inayopanga zamu. Hili la pili linatunza kumbukumbu, nani ana shamba wapi na alimwagilia lini. La kwanza linagonga mlango wa la pili liombe kumbukumbu, haliitikiwi. Ndiyo maana linaandika kwamba muunganisho umekataliwa."

"Nani kakataa?"

"Ndicho ninachotafuta."

Bartolomayo akadakia kwamba tatizo ni mtandao, linunuliwe bando. Erica akamjibu kwa adabu kwamba makontena yote yako humuhumu ndani ya laptop, hayahitaji mtandao kuongea. Bando likanunuliwa hivyohivyo, maana mwenyekiti akishasema amesema. Muunganisho umekataliwa. Akaamuru laptop izimwe na kuwashwa. Ikazimwa, ikawashwa. Umekataliwa. Nje jua linaunguza, na sisi tumekaa tunatazama maandishi mekundu.

Mwishowe Erica akampigia Mudrick, fundi wa kompyuta, mtu wa Kondoa anayefanya kazi mjini. Akaiweka simu mezani sote tusikie.

"Shikamoo, mzee," Mudrick aliniamkia aliposikia sauti yangu.

"Marahaba. Zabibu zinakauka."

"Pole sana, mzee. Dada Erica, injini inayoendesha hayo makontena imewaka?"

"Imewaka."

"Na makontena yenyewe, yote mawili yanafanya kazi?"

Erica akatazama. "La programu liko sawa. La kumbukumbu nikiliwasha linazima palepale."

"Basi hilo la kwanza usilihangaikie. Linagonga nyumba isiyo na mtu. Soma ujumbe wa hilo la pili, kwa nini linazima."

Erica akasoma kimyakimya, akarudia. Akaniangalia mimi, halafu akamwangalia mwenyekiti.

"Linatafuta folda inayoitwa Yudith. Haliioni."

Bartolomayo akakohoa.

"Ile folda ipo," alisema. "Ilibadilishwa jina tu. Tulipoanua tanga la msiba nilimwita kijana wa steshenari, nikamwambia aandike Ofisi. Si vizuri jina la marehemu kukaa kwenye mali ya kikundi, watu wanaogopa kuligusa. Ni mila zetu hizo, Mzee Sostenes. Wewe mwenyewe uligawa nguo zake."

"Nguo niligawa mbele ya ndugu zake. Wewe ulikaa kikao na nani ukamfuta?"

"Sikumfuta."

"Siku Yudith alipozidiwa nilikuja mlangoni kwako kuomba gari la mradi. Ukaniambia ni la kazi za kikundi. Mtu mwenyewe hakukusumbua, Bartolomayo. Jina lake ndilo likakusumbua."

Kwenye simu Mudrick alikuwa anaita halo, halo.

"Rudisheni jina kama lilivyokuwa," akasema, "herufi kwa herufi, halafu liwasheni. Mkitaka kulibadilisha, lazima na maelekezo ya kontena yabadilishwe pamoja."

"Si unasikia?" Bartolomayo akapata nguvu. "Kumbe linabadilishika. Tukishamwagilia tutalibadilisha kwa utaratibu."

"Nimesikia la Mudrick. La kwako la kuomba radhi bado sijalisikia."

Erica hakutungoja. Aliandika Yudith, akawasha, akakunja mikono. Kontena la pili likawaka, lisizime. La kwanza likagonga, likaitikiwa, zamu zikatokea: Joel, halafu Amina, halafu mimi.

"Mzee wetu amefiwa," akasema Bartolomayo kwa sauti laini. "Tumtangulize yeye."

"Mashine mliileta ili msipendelee. Leo unataka kuninyamazisha kwa maji ya Joel?"

"Chukua tu, mzee, mimi nitasubiri," alisema Joel kutoka katikati ya wenzetu.

"Na wewe nyamaza. Kamwagilie."

Seth akafungua lango. Zamu yangu ilipofika maji yalishuka kwenye mfereji yakiwa mengi, ya udongo, na mistari ya juu ikanywa. Ya chini, kule kwenye mchanga, haikungoja. Punje zilikuwa zimelala chini ya mashina, kavu, ukizikanyaga zinalia.

Bartolomayo akapita barabarani na pikipiki, akapunguza mwendo.

"Umeona, Mzee Sostenes? Yamefika."

"Shuka uje uone yalichokikuta."

Hakushuka. Alisema ana kikao. Nikamwambia na mimi ninacho, Jumamosi, mkutano mkuu, na nitasimama mbele ya wanachama wote niulize nani anastahili kushika kikundi hiki. Akatia gia, akaondoka. Nikakata tuta kwa jembe, nikayaachia maji yaingie mstari wa mwisho, uliokuwa hauna hata kichala kimoja.