Kisu chenye Milio Sita

Evodio alinipigia simu Jumatatu kuniambia kwamba shangazi yake atakuja Jumamosi kukishika kisu changu, na kwamba nisithubutu kumwambia lolote kabla hajakishika mwenyewe.

"Hataki kuambiwa, mzee Saturnino," alisema. "Ameshadanganywa sana na watu wenye huruma. Anataka kidole chake kimwambie."

Nikamjibu waje tu, kisu kipo. Nilisema kwa majivuno, maana mimi ni kinyozi mstaafu, na katika Sayula nzima hakuna anayenizidi kwa visu vya kukunja vya zamani. Nilikuwa navyo arobaini na kimoja. Vingine nilivipata kwa wajane wa wateja wangu, vingine sokoni, na kimoja nilimng'ang'ania padri mpaka akachoka kuniona. Vyote vimefuliwa humu humu Mexico, vingi hapa mjini kwetu, mipini karibu yote ya pembe, na hakuna hata kimoja kilichokata kitu tangu kiingie nyumbani mwangu. Mke wangu Hermelinda huiita droo yangu makaburini.

Kisu alichokitaka bibi huyo kilifuliwa na babake, fundi Tranquilino Barajas. Visu vya Tranquilino ukivifungua hulia mara tano, ta, ta, ta, ta, ta, kwa sababu ya vijino vilivyochongwa kwenye kisigino cha bapa, springi ikiviruka kimoja kimoja. Mwenye sikio anamjua fundi bila kutazama. Changu kinalia mara sita. Miaka mingi nilijigamba kwamba hakina ndugu duniani, bila kujua sababu, mpaka Evodio aliponisikia nikipiga domo harusini, akaenda kumsimulia shangazi yake.

Sababu alikuwa nayo yeye. Bi Eleuteria ana miaka tisini na mmoja na macho yake hayaoni tena. Alipokuwa na miaka kumi na mmoja ndiye aliyemvutia babake mvukuto. Siku moja mzee alipokwenda misa, mtoto akachukua tupa akachonga vijino vya bapa lililokuwa likisubiri mezani, akapitiliza, vikawa sita. Babake aliporudi alikichukua kisu hicho, akakigeuzageuza, akatoka nacho bila kusema neno. Mtoto hakukiona tena. Mwezi uliofuata akapelekwa Guadalajara kwa mama yake mdogo kujifunza kushona, na aliporudi Sayula alirudi kumzika mzee.

Kwa mafundi wetu, kazi iliyokataliwa hurudi motoni. Iliyokubaliwa hupigwa chapa kwenye bapa, karibu na mpini, na chapa ya Tranquilino ilikuwa nyota ndogo. Lakini wasaidizi wa karakana hawakukosa ujanja, na visu vilivyokataliwa vilitoka kwa mlango wa nyuma bila chapa. Ndiyo maana habari kwamba kisu cha milio sita kipo haikumtosha bibi. Alitaka kujua kama kina nyota. Mimi nilijua kinayo, nimeiona mara mia, na wiki nzima nilikaa na furaha ya mtu aliyeficha zawadi chini ya kitanda.

Sasa niseme kosa langu. Januari nilinunua sokoni kisu chenye mpini wa seluloidi, ile plastiki ya kale inayong'aa, nyekundu na kijani. Kila mkusanyaji anajua kwamba plastiki hiyo ikizeeka hutoa mvuke mkali, na mvuke huo ukifungiwa pamoja na chuma hukila. Wenzangu waliniambia nikiweke peke yake. Nikasema nitakitafutia mahali, nikakilaza kwenye droo pamoja na vingine kwa siku mbili tu. Siku ya pili nikapanda darini kutazama tangi la maji, nikaanguka, nyonga ikavunjika. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tena langu halikuchelewa.

Tangu hapo nililala chumba cha chini. Visu viko juu. Nilimpa Hermelinda kichupa cha mafuta na maelekezo ya kurasa mbili, kwamba kila Jumapili ya kwanza ya mwezi avifungue, avifute, avipake, avifunge tena kila kimoja katika kitambaa chake. Alisema, "Sawa, mzee." Katika ndoa yetu maneno hayo mawili hayajawahi kumaanisha kitu kimoja mara mbili, lakini nilikuwa mgonjwa na nikaamini.

Jumamosi saa nne asubuhi nikapanda ngazi kwa mara ya kwanza baada ya miezi minane, fimbo mkono mmoja, ukuta mkono wa pili. Nilipovuta droo, harufu kama ya siki ikanipiga usoni. Nikajua kabla sijaona.

Kitambaa cha kwanza kilikuwa na ukungu wa kijani. Ndani yake kisu kimegandana na mpini wake. Cha pili, kutu imetoboa bapa. Cha tatu sikuweza hata kukifungua. Nikaendelea kufungua vitambaa, na kile cha seluloidi, kilichofanya maovu yote hayo, kimepinda katikati kama mshumaa uliokaa juani. Miaka thelathini ya maisha yangu ilikuwa imegeuka vumbi jekundu linalonishika vidoleni. Lakini niseme kweli, wakati ule sikulia kwa ajili ya vile arobaini. Nilikuwa nakiangalia kitambaa cha bluu cha Tranquilino, na sikuthubutu kukigusa. Nyota yenyewe haina kina. Kutu ya mwezi mmoja ingetosha kuifuta.

Nikakifungua. Ndani mlikuwa na kijiko cha chai.

Nilikaa kitandani na kijiko mkononi. Akili ni nywele, nimezikata miaka arobaini, na siku hiyo sikuwa na hata unywele mmoja. Nikafikiri nimeibiwa. Nikafikiri nichukue kisu kingine kilicho nafuu kidogo, nimpe bibi, niseme chapa imelika. Haoni. Halafu nikasikia mlango wa chini unagongwa, na sauti nyembamba ya kizee inasema, "Tumewahi, mtusamehe, mimi sikulala," na nikaona aibu ya wazo langu mpaka masikio yakapata moto.

Nikashuka. Sebuleni Bi Eleuteria alikuwa ameshakaa, mwembamba, mkoba mapajani, na Evodio amesimama nyuma yake. Nikawasalimu nisijue nimesema nini, nikapitiliza jikoni.

Hermelinda alikuwa anaparua miiba ya dungusi juu ya ndoo.

"Mama Ofelia," nikanong'ona, "kisu cha Tranquilino kimeibiwa."

"Kipi hicho?"

"Usinitanie leo. Cha milio sita."

"Aa," akasema, akainua mkono wake. "Hiki?"

Nilikiona kati ya vidole vyake, mpini wa pembe unang'aa kwa mafuta ya kupikia, na mwiba mmoja umenasa kwenye ncha.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu Machi. Wewe uliniachia visu arobaini na kimoja, mimi magoti ninayo mawili. Nikachukua kinachokata. Tena kinakata, mzee wangu, sijawahi kuwa na kisu kama hiki humu jikoni."

"Na kijiko?"

"Ili ukituma mtu apapase asikute patupu, presha ikakupanda bure."

"Ungeniomba."

"Ningekuomba, ungenipa?"

Nikamnyang'anya kisu, nikaenda nacho dirishani. Bapa lilikuwa limefanya weusi mzuri wa chuma kinachofanya kazi, hakuna hata punje ya kutu, na karibu na mpini nyota ilikuwa imekaa pale pale, pembe zake tano zote. Nikashusha pumzi niliyoibeba tangu juu. Nikaketi kwenye kigoda nikacheka mpaka nyonga ikaniuma, na machozi yakanitoka bila ruhusa.

"Sasa unacheka nini?" Hermelinda akauliza.

Nikamweleza habari za droo. Akaacha kazi, akafuta mikono kwenye aproni.

"Vyote?"

"Karibu vyote."

"Pole, baba Ofelia," akasema, akanishika bega. "Ningevipaka mafuta, kweli."

"Mafuta yasingesaidia. Nimeviua mwenyewe." Na nilipolisema nikaona kwamba naweza kulivumilia. Mtu aliyedhani amepoteza kisu kimoja kisicho chake kabisa, kisha akakipata, ana nafasi kubwa ya kusamehe mengine. Nikataka kukiosha. Akaninyang'anya, akakiosha yeye, akakikausha, akasema yeye si mshenzi wa kumpa mgeni kisu kichafu.

Nikakiweka kiganjani mwa Bi Eleuteria. Hakukifungua upesi. Alikipima uzito, akakileta puani.

"Kinanuka jikoni," akasema.

"Asubuhi kilikuwa kazini, bibi," nikamwambia, nikaona haya.

"Afadhali. Nilidhani mmekifunga kama maiti. Springi isiyotumika husahau kusema."

Akakishika kwa namna ambayo sijawahi kuona mtu akikishika, ukucha wa gumba kwenye kijishimo cha kufungulia bapa, kiwiko kimebanwa ubavuni. Ta. Ta. Ta. Ta. Ta. Evodio alikuwa anahesabu kwa midomo. Ta.

Kisha akakilaza gotini, akapitisha ncha ya kidole cha shahada kwenye bapa, kutoka nchani kuja mpinini. Kikapita juu ya chapa, kikaenda, kikarudi. Nilitaka kumshika mkono nimwonyeshe.

"Hapo, bibi," nikasema. "Hapo hapo ndipo..."

"Nyamaza wewe, nasoma."

Kidole kikazunguka polepole, pembe moja, ya pili, ya tatu, mpaka zikaisha, halafu kikaanza upya. Hermelinda alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa mdomoni.

"Alikipiga chapa," Bi Eleuteria akasema hatimaye. "Kazi yangu. Aliipiga nyota yake."

Akakifunika kisu kwa viganja vyote viwili.

"Nilimnunia nikiwa hapa, nikamnunia nikiwa Guadalajara, akafa nimemnunia. Wakati wa kumzika nilisimama mwisho kabisa wa watu. Miaka themanini nimemkasirikia mtu aliyekubali." Akatikisa kichwa. "Alikuwa na mdomo. Kwa nini hakusema?"

"Wanaume wa huku hawasemi, bibi," Hermelinda akasema. "Wangu anaongea kutwa, na bado hasemi."

Bi Eleuteria akacheka. Alianza kidogo, kisha akacheka mabega yakitingishika, na Evodio, ambaye nilimwona amekaza uso tangu waingie, akajitupa kwenye kiti na kufuta jasho. Aliniambia baadaye kwamba njiani bibi alikuwa amemwagiza, kama nyota haipo, ampandishe basi warudi moja kwa moja bila kula wala kunywa. Sasa bibi akauliza kama harufu ile ni pozole, supu yetu ya mahindi na nyama. Akala mabakuli mawili, akaomba limau, akatusimulia jinsi babake alivyokuwa akikohoa kila anapotaka kucheka mbele ya watoto, akasema, "Maskini mzee, lazima alikohoa njia nzima siku ile." Kisu kilikuwa kando ya bakuli lake, na mkono wake wa kushoto haukukiachia hata mara moja.

Saa tisa Evodio akasema basi linaondoka saa tisa na nusu. Bibi akakifunga kisu taratibu, akausikiliza kila mlio, akaninyooshea.

"Mungu akulipe, kinyozi. Kitunze."

Nilikitazama. Ndicho kisu pekee kizima kilichonibakia duniani, na juu kulikuwa na droo nzima ya kutu ya kunikumbusha. Hermelinda alinitazama mimi. Sikukipokea.

"Bi Eleuteria," nikasema, "una sarafu yoyote hapo?"

Kwetu kisu hakitolewi bure, hukata urafiki. Anayepewa hutoa sarafu moja, hata iwe ndogo namna gani, na hapo ndipo kinakuwa chake. Binti wa mfua visu hahitaji kuelezwa hilo. Mkono wake ulibaki hewani kwa muda, umekishika kisu. Kisha akaurudisha kifuani, akafungua mkoba, akapapasa kwa mkono wa pili, akanipa peso moja.

"Tumemalizana," nikasema.

Akakitia kisu mkobani. Zipu ikamshinda. Evodio akainama kumsaidia, akapigwa kofi dogo la mkononi.

"Niache," bibi akasema. "Naifunga mwenyewe."