Kulisindikiza Joto

Jumatano moja ya Januari, Euphrasie alikuwa amesimama juu ya kiti jikoni, akibandika plastiki kwenye dirisha la nyumba waliyopanga katika mji wa Richfield. Aliipuliza kwa mashine ya kukaushia nywele ili ikaze, kama alivyoelekezwa na wenzake wa kazini. Chini ya mlango alishalaza soksi ndefu zilizojazwa mchele. Mapazia aliyafungua mchana jua liingie, akayafunga lilipozama. Hita ilinguruma tangu asubuhi, na bili ya gesi ilikuja kwa jina lake. Kwa kweli alishafanya yote ambayo mpangaji anaweza kufanya.

Mama yake, Mukandayisenga, alikuwa mezani akimenya viazi huku amevaa koti. Koti hilo la bluu alipewa siku waliyotua uwanja wa ndege, na tangu theluji ianze hakulivua hata kwa kula. Hilo lilimuuma Euphrasie. Kule kambi ya wakimbizi mama alilala na viatu miguuni miaka yote, akisema mtu aliye njiani havui viatu. Sasa ana kitanda, ana ufunguo wake wa mlango, na bado anavaa kama anayesubiri basi. Euphrasie alitaka jambo moja tu mwaka huo, mama avue koti nyumbani.

Jioni joto likatoka. Lilipita kwenye ufa wa dirisha, ule ufa ambao mwenye nyumba anaahidi kuuziba tangu Septemba. Liliinua ncha ya plastiki kwa adabu, likashuka uani. Lilipokanyaga, theluji iliyeyuka, ikabaki njia yenye upana wa mtu mmoja.

"Linaenda," mama alisema, kisu bado kiko kazini. "Na wewe unaliangalia tu? Mgeni anatoka kwako peke yake, hata kumfikisha barabarani?"

Basi Euphrasie akavaa buti, akalisindikiza. Alikusudia kuishia kwenye kona, maana kusindikiza nako kuna kiasi chake. Lakini joto halikugeuka kuaga, na huwezi kumwacha mgeni ambaye hajaaga. Hapo kwenye kona alimkuta Gilbert, muuguzi kutoka Kisii, aliyepanga nyumba ya pili kwa mwenye nyumba yuleyule. Alikuwa ndani ya gari, ameliwasha.

"Lako pia limetoka?" Gilbert aliuliza. "Langu huenda mapema kidogo. Nime-seal madirisha yote, lakini wapi. Ingia dada, tulifuate."

Walilifuata polepole. Karibu na kitongoji cha Crystal majoto mengine mawili, ya wapangaji wa huko, yalijiunga nalo, yakaenda pamoja pembeni mwa barabara kama watu watokao kanisani. Yaliingia kitongoji cha Plymouth, yakakata kushoto, yakasimama kwa mwenye nyumba.

Nyasi zake zilikuwa za kijani na waridi zimechanua. Mwenyewe alikuwa amevaa kaptura, anamwagilia maji. Aliwasalimia kwa majina. Alieleza kwamba hakuliita hilo joto, linakuja lenyewe kila mwaka, na yeye si mtu wa kufukuza. Kuhusu ufa, fundi angekuja hali ya hewa ikipata joto. Alilisema hilo huku akijifuta jasho.

Hasira zilimshika Euphrasie wakati wa kurudi, na alipofika alimweleza mama kila kitu. Mama aliweka sufuria ya viazi motoni kwanza.

"Sasa tunajua linakokaa," alisema. "Jumapili tutalitembelea."

Jumapili, baada ya ibada, walienda na viti na chupa ya chai. Gilbert alikuja na mkeka. Wapangaji wa Crystal walikuwa wameshafika, wanakaanga ndizi. Mwenye nyumba aliwapungia mkono, akaendelea kukata nyasi.

Mama alikaa. Alinyoosha miguu. Kisha akafungua vifungo vya koti kimoja kimoja, akalivua, akalikunja, akaliweka chini ya kiti. Ndani alikuwa na blauzi ya njano ambayo Euphrasie alishaisahau. Euphrasie alifurahi sana, akammiminia chai. Mama alivua na viatu pia.

Tangu hapo huenda kila Jumapili. Gilbert husinzia kwenye mkeka, na mama sasa anajua majina ya watoto wote wa wapangaji wa Crystal. Kuaga huchukua muda mrefu, kama inavyopasa.

Ufa upo palepale. Jioni joto linapoinuka kwenda, mama huacha alichokuwa akifanya, akalishikia ncha ya plastiki lipite bila taabu.

"Tutaonana Jumapili," huliambia, koti limefungwa hadi shingoni.