Picha ya Nkusi Darasani

Jumamosi ile nilikuwa nimechoka kabla hata ya kuingia darasani. Tulikuwa tisa, watu wazima tunaosoma Kiingereza cha juu, katika chumba cha kukodi mtaa wa Kimihurura. Mwalimu wetu, Trinah, alitufundisha kuihoji habari kabla ya kuiamini: nani kaiandika, nani anafaidika, nini kimeachwa.

Akagawa karatasi. Ilikuwa habari ya mtandaoni kuhusu walevi wanaoendesha pikipiki, na picha yake ilikuwa ya Nkusi, marehemu mume wangu, amevaa suti ya harusi yetu. Picha hiyo niliiweka mimi mwenyewe kwenye kundi la WhatsApp la msiba. Kwetu mtu akifa, kundi hufunguliwa siku hiyo hiyo, na kila mmoja humwingiza anayemjua. Tulifika mia mbili na arobaini. Sijui nani aliichukua. Chini waliandika kwamba alianguka kwenye mteremko wa Rebero akiwa amelewa.

Trinah hakujua. Darasani nilikuwa Nyirarukundo tu, fundi cherehani.

Shafiq, mwenye duka la simu, akasema kwa Kiswahili, "Huyu, suti ndiyo iko inamshika asianguke." Wakacheka.

Nikasimama. Nikasema kwamba huyo ni mume wangu, na hakuonja pombe tangu mtoto wetu azaliwe. Shafiq akaomba radhi, macho chini. Trinah akaanza kukusanya karatasi. Nikamzuia. Nilitaka aandike ubaoni kwamba habari ile ni ya uongo.

Kaze, karani mstaafu, akainua mkono taratibu.

"Pole sana, mama. Lakini na wewe ni chanzo cha habari. Ulikuwepo?"

Trinah akamwambia anyamaze. Lakini Kaze alikuwa sahihi. Kwa miezi minne nimewaambia wakwe, majirani na padri kwamba Nkusi hakunywa, na hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo. Siku ya ajali alikuwa anatoka kwenye harusi ya mwenzake wa kazini. Mimi nilibaki nyumbani na nguo za wateja.

"Sikuwepo," nikasema.

Trinah akasubiri, chaki mkononi. Nikamwomba aandike kwamba sikuwepo, na chini yake aandike kwamba aliyeiandika habari hatujui kama alikuwepo. Akaandika.

Nikaketi. Darasa likahamia habari ya pili, ya bei ya viazi, nami nikaisoma pamoja nao.